Bi Taipu na Mashine Inayojifagia

Dada yangu mdogo hajapata kumwamini mtu aliyegusa kitu chake, nami sijapata kumlaumu. Aliingia kazini akiwa msichana, katika chumba cha wapiga chapa ambacho mlango wake ulibanwa na tofali ili hewa iingie. Siku ya kwanza tu, alipotoka kwenda kunywa chai, alirudi akakuta mtu ameilegeza springi ya mashine yake ya taipu na kuhamisha pambizo. Wakongwe walikuwa wakiwafanyia wageni hivyo ili waonekane hawajui kazi. Tangu hapo, kila alipoinuka alilaza uzi mwekundu juu ya rola. Akirudi, kabla hajaketi, aliutazama uzi. Ukiwa umesogea hakusema neno. Alikagua pambizo, utepe na springi, kisha akamwangalia kila mmoja mle chumbani kwa zamu mpaka mwenye makosa akaanza kukohoa.

Ndivyo alivyopata jina la Bi Taipu. Marehemu mumewe alikuwa akisema hakuoa mke, aliajiri mlinzi, tena wa zamu zote.

Kazi ile ilikuwa kazi. Barua ilipigwa chapa na mtu aliyejua nukta inakaa wapi, na bango la duka lilichorwa kwa brashi na mtu kama mimi, aliyepima herufi kwa jicho moja amefumba jingine. Siku hizi mtu anaandika kwa dole gumba huku anatembea, anajikwaa, na bado anajiita mwandishi. Lakini sikukaa hapa kulia. Nataka kueleza habari za dada yangu na mkwe wake, kwa sababu mtaani zinasimuliwa ovyo, na wanaozisimulia hawakuwepo.

Ofisi ilipofungwa, mashine za taipu ziliuzwa kwa uzito kama vyuma chakavu. Bi Taipu alirudi nyumbani, akakifanya chumba cha mbele kuwa mahali pa kuchapa nyaraka za watu, hasa za wakili wa mtaa wa pili. Alinunua kompyuta iliyotumika. Hapo ndipo alipokutana na fundi wa kompyuta, kijana mwenye begi na tabasamu, aliyekuja kuua virusi. Akiondoka, virusi walikaa wiki moja kwa adabu, kisha wakarudi. Fundi naye akarudi.

"Kaka," dada aliniambia siku moja, "huyu kijana anaua panya kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika mtego wenye panya wa kesho."

Sikuwa na ushahidi, ila nilikubali papo hapo. Mimi na dada hatujasoma shule ndefu. Tumejisomea wenyewe, na mtu aliyejisomea hujifunza mapema kwamba anayekuuzia maji hafurahi kukuona unachimba kisima.

Akachimba kisima. Alisoma mpaka miwani ikaongezwa nguvu. Aliutupilia mbali mfumo wa yule fundi, akaweka Linux, ambayo hainunuliwi na ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua aone ndani mwake. Halafu, katika aina nyingi za hiyo Linux, akachagua moja iliyolingana na roho yake. Nami nitaieleza alivyonieleza yeye, maana maneno ya kwenye vitabu vyake yalinipita kichwani kama ndege.

"Unakumbuka stensili?" aliniuliza.

"Nitaisahauje? Wino wake haujatoka kwenye shati langu mpaka leo."

"Umekata stensili, umekosea neno, umetoa nakala mia. Utasahihisha nini? Nakala?"

"Nitasahihisha stensili."

"Basi. Kompyuta za watu wengine husahihishwa nakala. Leo ongeza hiki, kesho ng'oa kile, keshokutwa hakuna anayejua nani alifanya nini. Mimi nina faili moja. Humu nimetamka mashine yangu ilivyo: ina programu hizi na hizi, herufi ukubwa huu, kioo rangi hii, kibodi mpangilio huu. Sitoi amri ya kufanya. Nasema ilivyo, nayo inajitengeneza ilingane na maneno. Akija mtu akabadilisha kitu kwa mkono, kazi bure. Mashine inasikiliza faili tu."

Aliongeza jambo jingine, na hili ndilo lililoleta balaa. Kila inapowashwa, mashine hujifagia. Chochote kisichotamkwa kwenye faili hutoweka, kama chumba kilichopigwa deki kabla ya mwenyewe kuingia. Kazi za wakili zilikuwa na kabati lake ndani ya mashine, lenye kufuli, na kwenye faili liliandikwa kwamba kabati hilo lisifagiwe. Vilivyobaki vyote viliachwa wazi, bila hata neno la siri.

"Mlango wa nini?" alisema akijisikia. "Mwizi aingie, aweke anachotaka. Akirudi kesho hatakikuta."

Nilimwambia kwamba mashine inayosahau jana ni mashine ya mtu mwenye jambo la kuficha. Alicheka. Hakumwambia mtu mwingine habari ile, na hakuona sababu ya kumwambia. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mpwa wangu, mwanawe wa pekee, ni dereva wa gari la kusambaza mikate. Alioa fundi cherehani, msichana mrefu anayetumia mkono wa kushoto, ambaye vidole vyake havikosi chaki ya bluu ya kuchorea vitambaa. Tulimwita Chaki. Barabara ilipopanuliwa kibanda chake kilibomolewa, kodi ya chumba chao ikawashinda, wakahamia kwa mama. Siku ya kwanza, masanduku bado yako ukumbini, kijana alisimama katikati ya mama yake na mkewe.

"Mama, na mjomba yupo anasikia. Sina mama mwingine, wala sitafuti mke mwingine. Mkishindwana sitakaa kusikiliza kesi. Nitahama na mke wangu."

"Nani ashindwane na nani?" alisema Bi Taipu. "Nyumba hii imekuwa kimya tangu baba yako afariki. Hata mjusi akianguka nafurahi nimepata mgeni."

Alisema kweli. Nilimjua. Kuliko virusi, kuliko wezi, dada yangu aliogopa kukaa peke yake katika nyumba ile na kusikia friji ikinguruma.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha dalili zikaanza. Bi Taipu hufanya kazi asubuhi, adhuhuri anazima mashine, anakula, anakwenda kulala. Asubuhi moja alikuta kiti kimeinuliwa. Siku nyingine kipanya kilikuwa upande wa kushoto wa kibodi. Na juu ya kitambaa cha kufunikia kibodi, pale pembeni, kulikuwa na vumbi la bluu.

Aliniita kabla hajafuta. Nililigusa vumbi kwa kidole.

"Chaki," nilisema.

"Naona ni chaki, kaka. Sijawa kipofu. Nauliza anafanya nini."

"Anatafuta hati ya nyumba."

"Hati iko benki."

"Yeye anajua iko benki?"

Nilimwona anaanza kukagua nyuso zisizokuwepo, kama zamani kule ofisini.

Alikagua mashine. Hakukuta kitu. Siku iliyofuata, kiti kimeinuliwa tena, chaki tena, na ndani ya mashine hakuna kitu. Na ndipo alipoelewa, uso wake ukabadilika: mashine aliyoitengeneza isiharibiwe na mgeni ilikuwa ikimfutia mgeni nyayo zake. Ule uzi mwekundu sasa ulikuwa unarudi mahali pake wenyewe.

"Si umuulize?" nilisema, ingawa mimi mwenyewe nisingeuliza.

"Nimuulize ili ajue nimejua?"

Wakati huohuo Chaki naye alibadilika. Alikuwa msemaji, mwenye kumwiga muuza samaki mpaka tunashika mbavu; sasa aliweka sahani mezani kama mtu anayeweka jiwe. Nilikuwepo asubuhi moja wakisalimiana.

"Umeamka salama, mama?"

"Salama, mwanangu. Wewe umelala salama, au kuna jambo linakuchosha mchana?"

"Linalonichosha unalijua, mama."

"Mimi najua nini?"

"Haya. Hujui."

Bi Taipu akanitazama. Mimi nikatazama chai. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na huyu tena ni mshona nguo.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Siku moja mezani, Chaki alipokea bakuli kwa mkono wake wa kushoto, na dada, kwa utani mkavu, akasema, "Mkono huo mbona hauchoki kupotea njia?" Watu tulicheka. Chaki hakucheka. Wakati ule sikuliweka moyoni.

Halafu mpwa wangu akaja siku ya Jumatano, bado amevaa kofia yake ya kazini.

"Tumepata chumba. Jumamosi naleta gari."

Bi Taipu alishika ukingo wa meza. "Nimewakosea nini?"

"Nilisema sitasikiliza kesi, mama. Mwulize yeye."

Chaki alikuwa mlangoni, mikono imefungwa kifuani. "Mama anajua," alisema, akaingia ndani.

Dada yangu hakulia. Si mtu wa kulia mbele ya watu. Alikwenda kwenye mashine, akalifungua lile faili, akabadilisha mstari mmoja: kinachofagiwa kisitupwe nje, kiwekwe kapuni mpaka mwenyewe akione. Nilimwona anaikagua kila nukta, maana faili lile halisamehi. Ukisahau nukta moja linakataa kazi yote. Alipolikubalisha, alizima, akaenda kulala kama kawaida yake. Sijui kama alipata usingizi.

Alhamisi asubuhi alinipigia simu nikiwa bado napiga mswaki. Nilipofika alikuwa ameketi mbali na mashine, kama mtu aliyeona nyoka.

"Soma," alisema. "Mimi nimesoma mara nyingi, labda miwani inanidanganya."

Kapuni kulikuwa na michoro. Kola ya shati. Mkono wa shati, na vipimo vyake pembeni, mistari imenyooka vizuri. Hilo lazima niseme, mchoraji namtambua. Kila mchoro ulikuwa na jina. Wa kwanza uliitwa "kola tena". Wa pili ulikuwa na jina refu kama barua: "mama usifute huu mkono nauchora upya kila siku". Na chini yake ulikuwepo mmoja mtupu, usio na mstari hata mmoja, ulioitwa "nilikuomba kwa adabu ukanyamaza".

Nilisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena.

"Kila siku, kaka," alisema Bi Taipu. "Kila siku alikuwa akiniandikia, na mimi nikiwasha tu, yamefagiwa. Yeye anadhani nimesoma, nikafuta, nikaketi mezani kula mchuzi wake."

"Pengine aliandika makusudi, akijua utakuja kuyaona."

"Kaka, kunywa chai yako."

Nilikunywa. Lakini swali langu lilikuwa halali na ningali nalo.

Mengine tuliyapata kwa mpwa wangu, dada alipombana kwa simu. Kiwanda cha sare kilikuwa kinatafuta mkataji anayeweza kuchora vipande vya nguo kwenye kompyuta. Chaki alijifunza kwa kutazama video kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, kisha akawa anafanya mazoezi kwenye mashine ya mama mkwe wakati mama amelala. Alitaka kumshangaza. Programu ya kuchorea ilikuwemo. Bi Taipu aliitumia kwa vichwa vya barua za wakili. Kila mchana Chaki alibadilisha vibonye vya kipanya vifuate mkono wake wa kushoto, akachora, akahifadhi kazi yake hapo usoni mwa mashine. Kila alipowasha tena, kazi haipo, na kipanya kimerudishwa mkono wa kulia.

Sasa nililiweka moyoni lile neno la mezani. Msichana aliyeambiwa mkono wake umepotea njia, akikuta kila siku mtu amemrudishia kipanya upande wa kulia, atafikiri nini?

Ijumaa Bi Taipu hakupokea kazi ya wakili. Aliandika. Mara ya kwanza mashine ilikataa, kuna mabano hakuyafunga. Mara ya pili ilikubali lakini kioo kikawaka cheusi. Aliiwasha upya na kuchagua mashine ya jana yake, kwa maana mfumo ule huziweka jana zake zote kwa mpangilio, unachagua unayoitaka. Niliona wivu. Nina jana kadhaa ambazo ningezichagua. Mara ya tatu ikawa.

Jumamosi gari la mikate lilisimama mlangoni, limefagiliwa, bado linanukia hamira. Godoro lilikuwa limeshafungwa juu. Chaki alipita ukumbini amebeba kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto.

"Chaki," aliita Bi Taipu. "Njoo uwashe mashine."

"Ili unifute mara ya mwisho, mama?"

"Njoo uwashe."

"Sina kazi nayo tena."

"Mwanangu, nimekaa kwenye kiti kile tangu alfajiri sijakigusa kile kibonye. Njoo."

Sijui ni neno lipi lililomgeuza. Aliiweka cherehani chini, akaja, akabonyeza kwa kidole cha kushoto, huku amesimama, tayari kuondoka. Mashine ikawaka. Siku zote ilikuwa inafunguka moja kwa moja; leo iliuliza ni nani. Kulikuwa na majina mawili. La pili lilikuwa "chaki".

Alilitazama. Akashika kipanya kwa mkono wa kushoto, akabonyeza, kikatii. Ndani mlikuwa na kabati moja, na ndani ya kabati kola na mkono.

"Nyingine ziko wapi?"

"Zimekwenda. Zilikwenda kabla sijajua zipo. Mashine hii inajifagia kila ikiwashwa, mwanangu. Haikuwa mimi."

"Inajifagia?"

"Inajifagia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia unachora humu?"

Nje, gari lilipiga honi. Chaki hakugeuka. Alibana midomo, nami nilimwona waziwazi: haamini. Nilimpenda kidogo kwa mara ya kwanza.

"Zima," alisema.

"Nini?"

"Nizime, niwashe tena. Nione."

Akazima. Tulisubiri watu watatu tukitazama kioo cheusi chenye sura zetu ndani yake. Ikawaka. Akaingia. Kola ipo. Mkono upo. Kipanya bado ni cha kushoto.

"Nionyeshe palipoandikwa," alisema.

Dada yangu hajawahi kumwonyesha mtu lile faili. Mimi nililiona kwa kuchungulia begani. Aliinuka, akampa kiti. Chaki akakiinua kwanza kimo chake, kisha akasoma taratibu, kidole kwenye kioo, akiacha alama za bluu.

"Hapa ni jina langu. Hapa ni kipanya. Hapa, kabati lisifagiwe. Na hapa, hili jina lako peke yake, ni nini?"

"Hapo ni msimamizi. Anayeruhusiwa kulibadilisha faili."

"Kwa hiyo siku ukikasirika, unafuta neno moja hapa, mimi nafagiwa na michoro yangu."

"Naweza, ndiyo."

"Na mimi nitabaki kuandika barua zisizosomwa."

Honi ikalia tena. Bi Taipu alisimama pale ameshika mgongo wa kiti. Nilijua anawaza nini: uzi mwekundu, wale wakongwe wenye springi, yule kijana mwenye begi. Miaka yote ile alikuwa akijenga mlango ambao ufunguo wake ni mmoja. Nilitaka kumwambia, dada, usifanye. Sikusema, kwa sababu nilimwona anatazama godoro lililofungwa kamba, kupitia dirishani.

Aliinama juu ya bega la mkwe wake, akaandika, baada ya jina lake, jina la "chaki". Akafunga mabano. Akalikubalisha faili.

"Haya," alisema. "Sasa hata wewe unaweza kunifagia mimi."

Chaki aliusoma mstari ule tena kwa kidole. Kisha akaenda dirishani.

"Baba!" alimwita mumewe kwa sauti ya muuza samaki. "Shusha godoro!"

"Nini tena?"

"Shusha godoro, mikate itanuka jasho!"

Mtaani wanasema kompyuta iliwapatanisha. Si kweli. Kila asubuhi Bi Taipu, kabla ya kazi ya wakili, anafungua faili asome kama mkwe wake amebadilisha kitu. Kila jioni, akirudi kutoka kiwanda cha sare kilichomwajiri, Chaki anafungua faili lilelile asome kama mama mkwe amembadilishia. Juu ya kibodi uzi mwekundu umerudi, na pembeni mwa meza kuna mstari wa chaki wa kuonyesha kipanya kiliachwa wapi. Wamenipa na mimi nafasi humo, jina langu liandikwe la tatu. Nimekataa. Nina brashi zangu, na sijaambiwa bado nani atakuwa akinisoma.

Juzi nilipita nikawasikia kabla sijabisha hodi.

"Mama, nani amegeuza kioo kuwa cha kijani?"

"Soma faili."

"Nimesoma."

"Basi si unajua?"

"Najua. Nataka ukiri."

Nadhani walikuwa wanacheka. Lakini kwa wale wawili, mtu hawezi kuapa.